Mashahidi Waliomo Katika Mawe

Msomaji, ikiwa umepata kutembea katika mitaa ya kale ya Mombasa au Lamu, bila shaka umeona nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Tazama ukuta mmoja kwa makini, hasa pale chokaa ilipobanduka, nawe utaona alama mfano wa nyota, vipande vya kombe, na vijitundu vilivyokuwa makao ya viumbe wa baharini. Jiwe lile lilikuwa na uhai kabla ya kuwa jiwe. Mwashi aliyelikata hakulifanya. Alilikuta limekwisha kujengwa na viumbe wadogo waliofanya kazi yao chini ya maji, wala hawakujua kwamba siku moja mwanadamu atalala ndani ya kuta za mifupa yao.

Sasa fikiri jambo la ajabu kuliko hilo. Mbali sana kaskazini, katika visiwa vya Spitsbergen na Ellesmere, jua halichwi wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi halichomozi kwa miezi kadha. Bahari huganda ikawa kama uwanja, na mtu asiyevaa ngozi au sufu nzito hawezi kuishi. Hata hivyo, katika nchi hizo yako majabali marefu ya mawe ya chokaa, na ndani yake mna matumbawe na kombe za baharini. Leo bahari ya huko haijengi miamba ya matumbawe kama ya pwani yetu. Basi mawe yale yalijengwa lini, na yana udugu gani na mawe ya nchi nyingine? Hilo ndilo swali la insha hii. Nataka kukueleza jinsi watu walivyopata kujua kwamba jabali la kisiwa cha mbali na jabali la Milima ya Ural, katika Urusi, ni wa rika moja. Na nataka ujue pia kwamba elimu hiyo haikupatikana kwa bei ndogo.

Kwanza sharti tuone ugumu wa jambo lenyewe. Jiwe halina cheti cha kuzaliwa. Rangi yake haitoshi, wala ugumu wake hautoshi. Nguo mbili nyeupe zikiwa sokoni zaweza kuwa zimefumwa mwaka mmoja, na zaweza kuwa zimefumwa miaka hamsini mbalimbali. Kadhalika mawe ya chokaa yamefanyika katika nyakati nyingi za dunia, kila mahali palipokuwa na bahari safi yenye viumbe wa magamba. Tena, wakati ule ule mmoja huweza kutoa mawe ya namna mbalimbali. Tazama pwani ya Kenya: mahali pamoja matumbawe yanajenga mwamba, na kwenye mlango wa Mto Sabaki matope mekundu yanamwagwa baharini. Baada ya miaka milioni nyingi, mwamba utakuwa jiwe la chokaa na matope yatakuwa jiwe la namna nyingine. Mtu atakayeyatazama kwa rangi tu atasema hayajuani, na kumbe yalizaliwa siku moja.

Aliyefungua mlango wa fumbo hili hakuwa mwana wa tajiri, wala hakuhitimu chuo kikuu. Jina lake William Smith, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1769. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na katika miaka ya 1790 aliajiriwa kusimamia uchimbaji wa mfereji wa kupitishia mashua za makaa ya mawe katika wilaya ya Somerset. Kila siku aliona ardhi ikipasuliwa mbele ya macho yake, naye alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka akielewe. Akaona kwamba matabaka ya mawe yamepangwa moja juu ya jingine kama mikate katika sahani. Na zaidi ya hayo, kila tabaka lilikuwa na visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Tabaka mbili ziliweza kufanana kwa rangi kama pacha, lakini visukuku vyake vikazitenganisha. Na kila alipokwenda, mpango ulikuwa ule ule: waliokuwa chini hapa walikuwa chini na kule.

Mwaka 1815 Smith alitoa ramani kubwa ya mawe ya Uingereza na Wales pamoja na sehemu ya Scotland. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyesafiri nchi nzima kwa gharama yake. Malipo aliyoyapata yalikuwa ya uchungu: madeni yalimzidi, na mwaka 1819 alifungwa katika gereza la wadaiwa mjini London. Heshima ilimjia kwa kuchelewa. Mwaka 1831 Chama cha Jiolojia cha London kilimtunukia Nishani ya Wollaston, naye akawa mtu wa kwanza kuipata. Msomaji, likumbuke gereza lile utakapoona ramani ya kitabu chako cha jiografia.

Tangu hapo wataalamu walijifunza kuchagua mashahidi wao. Si kila kisukuku kifaacho. Shahidi mwema ana sifa nne. Awe aliishi muda mfupi duniani, kwa hesabu ya mawe, ili kuonekana kwake kuonyeshe wakati mmoja tu. Awe alienea mbali, ili apatikane katika nchi nyingi. Awe na umbo lisilosahaulika, ili asichanganywe na mwingine. Tena awe mwingi, ili mtafutaji asirudi mikono mitupu. Kiumbe aliyeishi miaka milioni mia tatu bila kubadilika ni kama mzee akumbukaye kila kitu lakini hajui kilitokea mwaka gani. Ushahidi wake hauna faida kwa hakimu.

Viumbe wa baharini ndio waliozidi kuwa na sifa hizo, maana maji hayana mipaka kama nchi kavu, na magamba yao huzikwa upesi katika matope na mchanga. Miongoni mwao wako brakiopodi, wanyama wenye gamba la vipande viwili ambao kwa sura hufanana na chaza, ingawa si wa ukoo wao. Wako fusulinidi, viumbe wadogo sana ambao gamba lao kwa umbo ni kama punje ya mchele au ya ngano. Jiwe moja laweza kuwa na maelfu yao, kana kwamba mtu amemwaga pishi ya nafaka katika saruji. Tena wako konodonti, ambao waliacha vijimeno vidogo visivyoonekana vyema ila kwa darubini.

Sasa twende kaskazini. Mwaka 1596 mabaharia wa Kiholanzi, pamoja na Willem Barents, walifika katika kisiwa kidogo kilicho kati ya Norway na Spitsbergen, wakakiita Kisiwa cha Dubu. Kwa zaidi ya miaka mia mbili watu walikwenda huko kutafuta wanyama wa baharini kwa mafuta na pembe, wala hawakujishughulisha na mawe. Mwaka 1827 mwanajiolojia wa Norway, jina lake Keilhau, alikwenda akakusanya mawe yenye visukuku. Baadaye mawe hayo yalitazamwa na Leopold von Buch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, naye mwaka 1847 alitoa maelezo yake. Aliwatambua brakiopodi wa jamii ya Productus, ambao wanajulikana sana katika mawe ya chokaa ya Ulaya ya enzi ya Karboni. Tazama uwezo wa elimu: mtu aliyekaa Ujerumani aliweza kusema neno juu ya umri wa kisiwa cha barafu, kwa sababu alizijua kombe zake kama wewe unavyoijua sura ya jirani yako.

Lakini habari ambayo moyo wangu hupenda kuisimulia ni ya kijana Per Schei. Alizaliwa Norway mwaka 1875. Mwaka 1898 nahodha Otto Sverdrup aling'oa nanga kwa merikebu iitwayo Fram, akaelekea visiwa vilivyo kaskazini ya Kanada, na Schei alikuwa mwanajiolojia wa safari hiyo. Walikaa huko majira manne ya baridi. Mara mbili mfululizo merikebu ilikaa baridi katika ghuba nyembamba ya kusini mwa Ellesmere, maana barafu ilikataa kuwafungulia njia. Watu wawili wa merikebu walikufa kabla ya kurudi. Kwa muda huo wote Schei alisafiri kwa sleji za kukokotwa na mbwa, akipanda majabali, akipima matabaka, na kuvunja mawe kwa nyundo.

Fikiri, msomaji, maana ya kukusanya mawe katika nchi kama ile. Sleji ina kipimo chake, na mbwa wana nguvu yenye mwisho. Jiwe likiongezwa, kitu kingine hakina budi kupungua, nacho ni chakula au mafuta ya kupikia. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana huyu aliinama mbele ya upepo wa barafu kwa ajili ya kombe zilizokufa zamani kabisa. Wala hakuokota ovyo. Alipanga matabaka kwa mafungu, akayapa herufi, A, B, C na D, ili kila kisukuku kijulikane kimetoka wapi na kilikuwa juu au chini ya kipi. Kisukuku kisichojulikana mahali pake ni pambo la mezani tu. Kisukuku chenye mahali pake ni shahidi aliyekula kiapo.

Fram ilirudi Norway mwaka 1902 na shehena ya mawe. Schei alianza kuandika, lakini hakumaliza. Alikufa mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 30 hivi. Visukuku vyake vikagawanywa kwa wataalamu wa nchi mbalimbali, na kwa miaka mingi baada ya kufa kwake taarifa zilitoka moja baada ya moja. Olaf Holtedahl wa Norway alieleza viumbe wa fungu B mwaka 1914. Na mwaka 1916 zilichapishwa habari za brakiopodi na wenzao waliotoka katika mawe ya chokaa ya Ellesmere na Axel Heiberg, zilizoandikwa na Warusi wawili, Tschernyschew na Stepanow. Tschernyschew alikuwa bingwa wa visukuku vya Milima ya Ural. Tena alikuwa amekwenda Spitsbergen mwenyewe katika safari ya Warusi na Waswidi ya kupima umbo la dunia. Yeye pia alikufa, mwaka 1914, kabla kazi hiyo haijachapishwa.

Walionyesha nini? Walionyesha kwamba viumbe wa mawe aliyoyakokota Schei walikuwa ndugu wa karibu wa viumbe wa Ural. Baina ya mahali pale pawili pana bahari ya barafu na maelfu ya kilometa. Lakini kombe zilikuwa za ukoo mmoja, na Spitsbergen ilikuwa kama daraja katikati. Matabaka matatu yaliyotawanyika yakaunganishwa na uzi mmoja. Bahari moja ya kale, iliyopita kando ya kaskazini ya mabara ya wakati huo, iliwahi kuyafunika yote.

Labda sasa utauliza swali la busara: je, kufanana ni dalili tosha ya kuwa wa wakati mmoja? Usifikiri wewe ndiwe wa kwanza kuuliza. Mwaka 1862 mwanachuoni wa Kiingereza, Thomas Henry Huxley, alisimama mbele ya Chama cha Jiolojia cha London akawaonya wenzake. Alisema kwamba mpango wa visukuku katika nchi mbili waweza kuwa mmoja, na nyakati zisiwe moja. Kwa maana viumbe waweza kuanza mahali fulani, wakahamia pengine taratibu, na kwao wakawa wamekwisha kutoweka. Ni kama mtindo wa nguo unaovaliwa mjini mwaka huu, ukafika kijijini baada ya miaka kumi. Atakayezikuta nguo hizo baadaye katika masanduku mawili atadhani zilivaliwa siku moja.

Onyo hili lilikuwa la kweli, na nchi za kaskazini zimetoa mfano wake. Fusulinidi, wale wa umbo la punje, walipenda maji ya uvuguvugu. Katika mawe ya chokaa ya Spitsbergen wamejaa tele katika matabaka ya mwisho wa enzi ya Karboni na mwanzo wa enzi ya Permi. Ukipanda juu zaidi, hawapo tena. Badala yao wako brakiopodi na sifongo wa maji ya baridi. Mtu mwenye haraka angesema: "Hapa fusulinidi wamekwisha, basi hapa ndipo mwisho wa zama zao." Angekosea. Katika bahari za joto za sehemu nyingine za dunia waliendelea kuishi mpaka mwisho wa enzi ya Permi, yapata miaka milioni 252 iliyopita. Kaskazini hawakuondolewa na wakati. Waliondolewa na baridi. Kwa hiyo kukosekana kwa shahidi si ushahidi. Mwenye hekima huuliza kwanza kama alikuwa na sababu ya kuondoka.

Ndiyo maana wataalamu hawakutegemea shahidi mmoja. Kama hakimu aitavyo watu wasiojuana na kulinganisha maneno yao, waliwaita brakiopodi, fusulinidi, amoniti na konodonti, kila mmoja na tabia yake ya kuishi. Konodonti walikuwa na msaada mkubwa. Mtaalamu Christian Pander alivieleza vijimeno vyao mwaka 1856, na kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyejua hakika mnyama mwenyewe alikuwa wa namna gani. Mwaka 1983 ndipo ilipotangazwa alama ya mwili wake laini, iliyoonekana katika jiwe la Scotland: mnyama mwembamba mfano wa mkunga. Angalia jambo hili la kupendeza. Watu walilitumia jino kupima wakati kabla ya kumjua mwenye jino; maana waliona kwamba meno yale hubadilika umbo upesi, tabaka kwa tabaka, na kwamba yameenea katika bahari nyingi. Kipande cha jiwe la chokaa huyeyushwa katika asidi hafifu, na vijimeno hubaki chini ya chombo.

Safari nazo zilibadilika. Mwaka 1955 Idara ya Jiolojia ya Kanada ilipeleka kundi la wanajiolojia visiwani kwa helikopta, wakapima kwa siku moja mwendo ambao Schei angeutumia majuma. Lakini katika sehemu nyingi walikuta nyayo zake zimewatangulia, na mafungu yake ya herufi yalikuwa msingi wa kuanzia.

Na hukumu ya Tschernyschew ikawaje? Hapa pana fundisho. Yeye aliyaita matabaka yale ya mwisho wa enzi ya Karboni. Jina la enzi inayofuata, Permi, lilikuwa limetolewa na Murchison mwaka 1841 kwa mawe ya jimbo la Perm, upande wa magharibi wa Ural. Lakini mpaka baina ya enzi hizo mbili uligombaniwa miaka mingi. Mwishoni wataalamu waliuteremsha chini, na matabaka mengi yaliyoitwa ya Karboni yakaingia katika Permi, huko Ural na visiwani pia. Mwaka 1996 walikubaliana kuuweka mpaka huo mahali paitwapo Aidaralash, katika Kazakhstan, pale anapotokea kwanza konodonti mmoja aitwaye Streptognathodus isolatus. Majivu ya volkano yaliyonaswa katika matabaka ya Ural ya kusini yakapimwa kwa elimu ya madini yanayobadilika kwa kadiri ijulikanayo, na umri wa mpaka ukahesabiwa kuwa karibu miaka milioni 299. Basi jina lilibadilika, lakini undugu wa mawe ya Ellesmere na ya Ural haukuvunjika. Kosa la jina husahihishwa kwa kalamu. Ulinganisho uliofanywa kwa uaminifu hudumu.

Limebaki lile swali la mwanzo: matumbawe na fusulinidi wa maji ya joto walifikaje katika nchi ya barafu? Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitangaza kwamba mabara huhama. Wengi walimcheka. Alikufa Greenland mwezi wa Novemba 1930, katika barafu, kabla ya watu kumkubali. Leo inajulikana kwamba nchi ya Spitsbergen katika enzi ya Karboni ilikuwa karibu zaidi na ikweta, ikasogea kaskazini kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Baridi iliyowaondoa fusulinidi ilikuwa sehemu ya safari hiyo. Kwa hiyo kombe zile zinasema mambo mawili kwa mara moja: zinasema wakati wake, na zinasema kwamba nyumba yake imehamishwa.

Msomaji, usidhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali. Nyuma ya pwani yetu, katika eneo la Kilifi, yako mawe ya chokaa ya Kambe, na umri wake wa enzi ya Jura umejulikana kwa njia ile ile, kwa visukuku vya baharini vilivyolinganishwa na vya nchi nyingine. Siku moja pengine wewe utashika nyundo mbele ya jabali kama lile. Ukifika siku hiyo, andika mahali ulipoliokota kila jiwe, lililo juu liandike juu, na lililo chini liandike chini, hata kama umechoka na giza linaingia. Per Schei hakuishi kuona maana ya mizigo yake. Lakini kwa kuwa aliandika kweli juu ya kila kipande, watu wasiopata kumwona waliweza kuimaliza kazi yake, nao wakaijenga juu ya neno lake bila ya hofu.